Maua Pekee Hayatoshi: Wachie Nyuki Mahali pa Kutaga

Zipo aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani, na nyingi haziishi mzingani. Kila jike hujijengea kiota peke yake, na takriban aina 7 kati ya 10 huchimba ardhini. Ndiyo maana bustani inaweza kujaa maua ya asili na bado ikakosa nyuki wanaozaliana humo, kwa kuwa ardhi yote imefunikwa.

Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 7 hutunza unyevu vizuri, ila jike hayapenyi. Acha wazi angalau mita moja ya mraba inayopigwa na jua la asubuhi, iliyoinama kidogo ili maji yasituame. Usiilime wala kuikanyaga. Ukiona vishimo vidogo vilivyozungukwa na chenga za udongo, usivimwagie dawa. Nyuki hawa hawana kundi la kulilinda, hivyo ni nadra kuuma.

Wengine hutaga ndani ya mabua makavu. Mimea ikimaliza kuchanua, ikate ukibakiza sentimita 20 hadi 45, kisha viache visiki hivyo mwaka mzima. Pasipo mabua, toboa gogo kavu lisilopakwa rangi wala dawa: matundu ya milimita 3 hadi 10, kina cha sentimita 15 hivi, yasitokee upande wa pili. Kina kina maana kubwa. Jike hupanga vyumba kimoja nyuma ya kingine, na kwa kawaida mayai ya majike hukaa ndani kabisa, ya madume karibu na mlango. Tundu fupi huzaa madume wengi, na mwaka unaofuata watagaji hupungua. Piga msasa mlangoni, maana vibanzi huchana mabawa. Mirija ya plastiki siipendekezi: unyevu hukwama ndani na chavua, ule unga wa maua anaowekewa mtoto wa nyuki, huota ukungu. Gogo nalo libadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, wachanga wakishatoka, kabla utitiri haujalijaa.

Vipepeo wana shida nyingine. Kipepeo mzima hunywa mbochi (majimaji matamu) ya maua mengi, lakini kiwavi wake mara nyingi hula mimea ya jamii moja au chache tu. Hapo mmea wa kigeni hauwezi kushika nafasi ya mmea wa asili, hata uwe na maua mazuri kiasi gani. Majani yaliyotobolewa na viwavi ni habari njema, hasa kwa ndege: wengi wao, wakiwemo walao mbegu, hulisha makinda wadudu.

Kwa maua yenyewe, panda aina moja kwa fungu badala ya kutawanya mche mmoja mmoja, na upange aina zipokezane kuchanua. Epuka maua yaliyozalishwa yakawa na petali tabaka kwa tabaka. Mara nyingi stameni zake, sehemu zinazotoa chavua, ndizo zilizogeuzwa petali, kwa hiyo chavua ni haba. Usizidishe mbolea, utavuna majani badala ya maua.

Kabla ya kuchukua miche kitaluni, uliza kama ilitiwa dawa za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi. Hizi husambaa ndani ya mmea hadi kwenye chavua na mbochi, na kuosha majani hakuziondoi. Ukikosa jibu la uhakika, otesha mbegu mwenyewe. Zenye ganda gumu ziloweke usiku kucha kwanza.