Samadi mbichi haisaidii mbegu kuota
"Jaza samadi tu, mbegu itapata nguvu." Ushauri huu umeenea kwa sisi tunaootesha nyanya kwenye makopo ndani ya nyumba hapa Dodoma, na ndio unaoua miche mingi. Samadi tunayo, maana ng'ombe na mbuzi hawakosekani Ugogoni. Lakini mbegu haihitaji kulishwa ili iote: imebeba chakula chake ndani, kinachoitosha hadi ichomoze. Inachotaka ni unyevu, joto na hewa.

Samadi iliyotoka zizini jana bado ina chumvi nyingi na amonia, ile hewa kali inayonuka mkojo, na hivyo huunguza mizizi. Ng'oa mche uliosinyaa uutazame: ncha za mizizi zimekuwa za kahawia, kingo za majani zimekauka kama zilizobabuliwa na moto. Wengi hudhani ni kiu, wakazidisha maji, na mche ukaoza kabisa.

Samadi irundike, ilowanishe, igeuzegeuze kwa miezi kadhaa mpaka ipoe na inukie udongo, si mkojo. Ndipo uchanganye sehemu moja ya samadi kwa tatu za udongo, na mchanga kidogo. Kopo litobolewe chini. Mbegu ikishachomoza, isogeze dirishani upesi. Gizani mche hurefuka na kulegea, hata udongo uwe mzuri vipi.