Kuwajibika kwa imani yako mwenyewe: maana yake

Jumapili tunaposimama kuungama Kanuni ya Imani, tunasema "Nasadiki". Kanisa zima linatamka kwa sauti moja, lakini hakuna anayesema "tunasadiki". Walutheri nao husema "Namwamini". Nafsi hiyo ya kwanza, umoja, ndiyo kiini cha dhana hii. Kuwajibika kwa imani ni kukubali kwamba kusadiki, kusali, kutubu na kujifunza Neno ni kazi yako, wala hakuna wa kukufanyia.

Wengi wetu tulibatizwa tungali wachanga. Wazazi na wasimamizi walijibu kwa niaba yetu, na sioni kosa hapo. Hata Timotheo, kama Paulo anavyomkumbusha, alikuwa na imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Imani inapokewa. Lakini siku ya Kipaimara unaulizwa wewe, na msimamizi aliyekuwekea mkono begani hakujibii. Inaniuma kuona siku hiyo ikiandaliwa kwa suti na keki, kisha kijana haonekani tena kanisani mpaka harusi yake.

Wasamaria wa Injili ya Yohana wanaonyesha hatua yenyewe. Walimwendea Yesu kwa sababu ya maneno ya mwanamke wa kisimani. Baada ya kukaa naye siku mbili walimwambia yule mwanamke: "Sasa tunaamini, wala si kwa sababu ya maneno yako tu, maana sisi tumesikia wenyewe." Hawakumdharau aliyewaleta. Walisogea tu kutoka kusikia habari hadi kumsikia mwenyewe.

Wapo wanaodhani kwamba kuwajibika hivi ni kujitenga: mimi na Biblia yangu, jumuiya ya nini? Hapa Bagamoyo tuna picha inayosaidia. Misafara ya karne ya 19 ilifika pwani hii ikiwa na mamia ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 30 kichwani au begani. Walitembea pamoja, kwa sababu peke yako porini ulikuwa hatarini. Hata hivyo kila mtu alikuwa na mzigo wake. Paulo anawaandikia Wagalatia yote mawili katika sura ya 6. Mstari wa 2: "Mchukuliane mizigo." Mstari wa 5: "Kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe." Mwenzako akifiwa, jumuiya nzima inabeba naye. Lakini toba yako ni furushi lako, ndiyo maana tunapiga kifua tukisema "nimekosa mimi", hatusemi "tumekosa sisi".

Mimi niliielewa dhana hii barazani, si kanisani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 kutoka Zanzibar, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na tangu hapo Wakristo tumeishi bega kwa bega na majirani Waislamu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza, kwa heshima kabisa, kwa nini tunamwita Yesu Mwana wa Mungu.

"Hayo anayajua padre, mzee wangu," nikamjibu.

"Padre simuulizi. Nakuuliza wewe, mwanangu."

Nilikuwa na cheti cha ubatizo, cha komunyo na cha Kipaimara, na sikuwa na neno la kumwambia. Usiku ule nikafungua Injili ya Yohana, sura ya kwanza, nikaisoma polepole, na pale niliposhindwa nikamwendea katekista na maswali yangu yameandikwa kwenye daftari. Ilinichukua wiki kadhaa. Kisha nikarudi barazani, nikamwamkia mzee, nikaketi, nikamwambia ninachosadiki mimi.