Mtandao wa kijamii wa Wahindi: dhana zinazowaponza waanzilishi

Kila baada ya muda huzuka watu wenye mpango wa kuanzisha mtandao wa kijamii wa Wahindi, na hesabu yao huwa ileile: India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, ukipata asilimia moja tu umetoka. Waliojaribu na kushindwa ni wengi, na baadhi yao walikuwa na akili nyingi na mtaji mnono. Kilichowaponza mara nyingi ni mambo waliyoyaamini kabla hawajaanza kazi.

"Tengeneza kama ule wa wageni, kisha uite wa kwetu"

Hii ndiyo dhana iliyokula pesa nyingi kuliko zote. Orkut ya Google ilianza mwaka 2004 ikapendwa mno na vijana wa India na Brazil. Facebook ilipoipiku huko India mwaka 2010, Orkut haikurudi tena juu, na Septemba 30, 2014 ikafungwa. Mitandao ya wazawa iliyoibuka katikati, kama BigAdda ya kundi la kampuni za tajiri wa India, Anil Ambani, haikufua dafu.

Koo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu waanzilishi wake, Aprameya Radhakrishna na Mayank Bidawatka, walikuwa na wazo jema: mtandao wa jumbe fupi kwa lugha za India, kuanzia Kikannada. Mapema mwaka 2021 serikali ya India iligombana na Twitter kuhusu akaunti zilizohusishwa na maandamano ya wakulima, mawaziri wakafungua akaunti Koo na kuwahimiza wananchi wawafuate. Juni mwaka huohuo, serikali ya Nigeria nayo ilijiunga baada ya kuifungia Twitter nchini mwake. Julai 2024 Koo ikafungwa, mazungumzo ya kuungana na kampuni kubwa yakiwa yamegonga mwamba. Uzalendo uliwafikisha watu mlangoni. Walipoingia, rafiki zao, wachezaji wa kriketi wanaowapenda na waandishi wanaowafuata bado walikuwa kulekule walikotoka.

"Wageni wakifungiwa, wazawa watarithi"

Jaribio hili limeshafanyika. Juni 29, 2020, baada ya mapigano na China mpakani huko Galwan, India ilizifungia programu 59 za Kichina, TikTok ikiwamo, iliyokuwa na watumiaji wapatao milioni 200 nchini humo. Moj na Josh, programu za wazawa za video fupi, ziliibuka ndani ya wiki chache na zikapata watu wengi kweli. Lakini Instagram ilileta video zake fupi, Reels, India mwezi Julai, na Septemba YouTube ikachagua India kuwa mahali pa kwanza pa kujaribia zake, Shorts. Mgeni mmoja alipotolewa, wageni wengine walikuwa tayari ndani, na watangazaji wao wakiwa nao.

"Kihindi na Kiingereza vinatosha"

Sisi wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini hili. Majirani zetu wengi wenye asili ya India nyumbani husema Kigujarati au Kikachi. Katiba ya India inaorodhesha lugha 22, na katika sensa ya mwaka 2011 Kihindi kilikuwa lugha ya kwanza ya takriban asilimia 44 tu ya wananchi.

Walioelewa hili mapema ni vijana watatu waliosoma chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur, walioanzisha ShareChat mwaka 2015. Waliona watu wakianika namba zao za simu hadharani mtandaoni, wakiomba kuingizwa kwenye makundi ya WhatsApp. Watu hao walikuwa na kiu ya vitu vya kutumiana: picha za waridi lenye umande na salamu za asubuhi, picha za miungu, mashairi ya mapenzi, vichekesho, vyote kwa lugha za nyumbani. ShareChat ikawapa, na Kiingereza ikakiacha nje kwa makusudi. Hapo ndipo pa kujifunzia: walianza na jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya tayari kwa taabu, wakaliondolea taabu hiyo.

Ila lugha nyingi ni kazi nyingi. Wahindi wengi huandika lugha zao kwa herufi za Kilatini, kila mtu na tahajia yake. Neno la Kihindi la kukanusha tu utaliona limeandikwa *nahi*, *nahin* au *nhi*. Mfumo wa kuchuja matusi na uchochezi lazima uyatambue yote, kwa zaidi ya lugha kumi. Asiyeajiri wasimamizi wanaozijua lugha hizo tangu mwanzo, uchochezi utampita machoni.

"Watu wakijaa, pesa itakuja yenyewe"

Kampuni ya simu ya Jio ilipoingia sokoni India Septemba 2016, bei ya bando iliporomoka na mamilioni wakaingia mtandaoni. Kuwahudumia kwa video kuna gharama, na mapato ya matangazo ni madogo. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2023, kila mtumiaji wa Facebook wa Marekani na Kanada aliiingizia kampuni dola 68.44 kwa wastani. Wa Asia na Pasifiki, India ikiwamo, dola 5.52. Bajeti iliyopigwa kwa mapato ya Marekani haitafika mbali.

"Sheria ni ya wakubwa"

Si kweli. Kanuni za India za mwaka 2021 zinautaka hata mtandao mdogo uwe na afisa wa malalamiko anayetangazwa wazi. Ukivuka watumiaji milioni 5 waliosajiliwa, masharti yanaongezeka. Na sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2023 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18, na inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa zake.

"Wanawake watakuja baadaye"

Hawaji penye bughudha. Facebook ilipofanya utafiti India ilikuta wanawake wengi wanaogopa kuweka sura zao, kwa hofu kwamba picha zitaibwa na kutumiwa vibaya. Juni 2017 ikaanzisha hukohuko kinga ya picha ya wasifu, inayozuia wengine kuipakua. Anayeanza leo aijenge kinga kama hiyo kabla ya kumkaribisha mtumiaji wa kwanza, pamoja na njia ya kumzuia msumbufu kwa mguso mmoja na mtu wa kujibu malalamiko kwa lugha ya anayelalamika.