Nyumba ya kasisi inayouawa na saruji

Wazee wa kanisa moja wilayani Chamwino waliniita nikaangalie nyumba ya kasisi iliyojengwa enzi za Mjerumani. "Mwanangu, ukuta huu unatoa chumvi," mzee aliyenipokea akaniambia. "Tumepaka rangi mara tatu."

Nikainama. Kuanzia sakafuni hadi kiunoni, lipu ya saruji. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia wazi kama debe tupu.

Nyumba zile zilijengwa kwa kilichokuwepo. Kabla reli haijafika Dodoma mwaka 1910, kila bawaba na kila bati lilipanda kutoka pwani kichwani mwa mpagazi, mzigo wa kama kilo 30. Kwa hiyo msingi ni mawe ya vilima vya hapohapo, tofali zimechomwa karibu na korongo, na kilichozishikanisha ni udongo mtupu. Chokaa ilibaki ya lipu na kupaka. Ukuta niliopima una sentimita 55. Unene huo unafanya kazi ileile ya paa la udongo la tembe, nyumba ya jadi ya Mgogo: joto la mchana linachelewa kupenya, na likifika ndani, usiku wa Dodoma umeshapoa. Tofauti ni kwamba tembe ni la chini, limeinama kukwepa upepo, wakati kasisi alitaka dari ndefu na baraza pande zote. Baraza hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jua haligusi ukuta wa chumba, mvua hailowanishi madirisha, na waumini wenye mashauri wana pa kukaa bila kuingia sebuleni kwa mtu.

Sasa chumvi. Chini ya ukuta huo hakuna ile nailoni tunayotandika siku hizi juu ya msingi. Unyevu unapanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa kwenye utambi, ukibeba chumvi ya udongo. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka, lakini karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, na gata zikishaanguka, maji ya paa lote yanamwagika mguuni mwa ukuta. Chokaa ina vinyweleo. Ilikuwa ikiuachia unyevu utoke, na chumvi iliyobaki usoni ukaifagia. Saruji imeziba njia. Maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kumung'unya tofali. Tulipobandua kipande, tofali lilitoka nacho likiwa unga.

Simlaumu fundi aliyeipiga. Leo anayesema ukarabati anamaanisha saruji na niru ya kulainisha ukuta, hakuna aliyemfundisha vingine.

Nimewaandikia hivi: gata kwanza, kabla ya kugusa ukuta. Kisha saruji yote ibanduliwe na ukuta uachwe uchi kiangazi kizima. Mzee hakufurahi, maana askofu anakuja Septemba. Halafu lipu ya chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa. Hofu yangu ni upepo wa hapa, unaokausha chokaa kabla haijashika, kwa hiyo nimeagiza magunia ya kulowanisha na kutundika barazani. Kina mama wa kanisa wamesema yao wanayo, ya mtama, ila niyarudishe.