Je, wajua kwa nini barua pepe huvurugika ikichapishwa, na mstari wa amri huinyoosha vipi?

Mtu anapofungua barua pepe kwenye skrini huona jina la mwandishi, mada, tarehe na maneno yenyewe. Akilichukua faili lile lile lililohifadhi ujumbe huo na kulituma kwa printa kutoka kwenye terminali, yaani dirisha la mstari wa amri ambamo kompyuta huongozwa kwa maneno ya kuandika badala ya kubofya, kwa amri fupi kama `lpr barua.eml`, hupata karatasi ambayo nusu yake ya juu imejaa majina ya seva, saa zilizoandikwa hadi sekunde na mifuatano mirefu ya herufi isiyosomeka, kisha ujumbe unajitokeza chini ukiwa umetapakaa alama za = katikati ya maneno. Printa haina kosa. Imechapisha kila kitu ilichopewa, na ilichopewa ni barua pepe kama ilivyosafiri, wala si kama programu ya barua inavyomwonyesha msomaji.

Mfumo wa barua pepe ulijengwa wakati ambapo seva ziliahidiana kupokezana herufi za biti 7 tu, yaani jedwali la alama 128 linalotosha alfabeti ya Kiingereza, tarakimu na vituo. Kanuni ya RFC 822 ya mwaka 1982 iliupanga ujumbe katika sehemu mbili: vijajuu (mistari ya taarifa kama mtumaji, mpokeaji na tarehe), kisha mstari mtupu, kisha maandishi. Miaka 10 baadaye, mwaka 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni za MIME zilizowezesha herufi za lugha nyingine, picha na sauti kupita katika njia ile ile nyembamba. Hawakuipanua njia, walibuni namna ya kuvivika vitu hivyo vazi la herufi za kawaida ili vipite bila kuzuiwa. Programu ya barua huvivua vazi hilo kimyakimya kila unapofungua ujumbe, lakini amri ya `lpr` haijui lolote kuhusu vazi.

Vazi la kwanza huitwa quoted-printable. Kila baiti (kipande cha biti 8 ambamo kompyuta huhifadhi herufi) isiyokuwamo katika zile alama 128 huandikwa kwa alama ya = ikifuatwa na tarakimu mbili za mfumo wa namba wa kumi na sita. Waandishi wa Kiswahili hudhani jambo hili haliwahusu kwa kuwa lugha yetu haina herufi zenye vikorombwezo, na kwa kiasi kikubwa wako sahihi. Mtego wao uko kwenye ng'. Simu na programu nyingi za uandishi huigeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kumuuliza mwandishi, na hiyo iliyopinda haimo katika jedwali la zamani; katika UTF-8, mfumo wa leo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, huchukua baiti tatu. Ng'ombe wa kwenye skrini akifika karatasini huwa hivi:

`ng=E2=80=99ombe`

Na programu ikizifungua baiti hizo tatu lakini ikazisoma kwa jedwali jingine la herufi, Windows-1252, atatoka mnyama mwingine kabisa: ngâ€™ombe. Wengi wamewahi kumwona bila kujua alikotoka.

Kanuni hiyo hiyo hairuhusu mstari uzidi herufi 76. Mstari mrefu hukatwa popote unapofikia kikomo, na alama ya = huwekwa mwishoni kuonyesha kwamba mstari haujaisha. Mtu aliyeandika sentensi moja ya kawaida ataikuta imekatwa hivi:

`Tafadhali nileteeni nakala za mkataba kabla ya kikao cha Ijumaa ili tuzisai=`
`ni mapema.`

Vazi la pili, base64, ni zito zaidi. Hapa kila baiti 3 huandikwa upya kwa herufi 4, na ndivyo picha na viambatisho vinavyosafiri. Tufanye hesabu. Picha ya baiti milioni 1 inakuwa herufi zipatazo 1,333,000. Ukizigawa kwa 76 unapata mistari zaidi ya 17,500. Na ukiweka mistari 56 kwa ukurasa, picha hiyo moja inadai kurasa zaidi ya 300 za herufi zisizo na maana kwa binadamu yeyote. Ndiyo maana anayetuma faili ghafi kwa printa kwa mara ya kwanza huishia kukimbilia kitufe cha kuizima.

Kwa hiyo unadhifu wa barua pepe iliyochapishwa hautokani kwanza na fonti wala na mipaka ya ukurasa. Hutokana na kuvua vazi na kuchagua kinachobaki, na mambo hayo mawili lazima yafanyike kabla ya programu yoyote ya kupanga kurasa kuguswa. Wanaolalamika kwamba vifaa vya mstari wa amri huchapisha vibaya mara nyingi wameanza na mpangilio wa ukurasa wakaruka hatua hii.

Chombo kinachoifanya kazi hiyo vizuri ni Mutt, programu ya barua pepe ya terminali iliyoanzishwa na Michael Elkins mwaka 1995. Ndani yake, kitufe cha p huchapisha ujumbe ulio mbele yako. Mutt haichapishi yenyewe. Huufungua ujumbe, kisha huumimina katika amri nyingine uliyoichagua wewe. Amri hiyo huandikwa katika faili la mipangilio kwa jina la `print_command`, na usipoandika kitu huwa ni `lpr`. Mpangilio jirani, `print_decode`, ndio unaoamua kama vazi livuliwe kwanza, nao huwa umewashwa tangu mwanzo. Ukiuzima, Mutt hukabidhi ujumbe ukiwa mbichi, jambo linalofaa tu pale ambapo amri inayopokea inajua kuusoma yenyewe.

Kuchagua kinachobaki ni kazi ya mistari miwili:

`ignore *`
`unignore from: to: cc: date: subject:`

Mstari wa kwanza unaficha vijajuu vyote, wa pili unarudisha vile ambavyo msomaji wa karatasi anavihitaji: nani aliandika, kwa nani, lini na kuhusu nini. Mistari ya `Received`, ambayo kila seva huongeza moja juu ya nyingine kama mihuri ya njiani, huondoka. Saini ya `DKIM-Signature`, muhuri wa kidijitali wa kuthibitisha ujumbe, ambayo peke yake huweza kula mistari kadhaa, huondoka pia.

Ujumbe ulioandikwa kwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, una shida yake. Mara nyingi mtumaji huwa ametuma nakala mbili katika bahasha moja, ya maandishi matupu na ya HTML, na Mutt inaweza kuambiwa itangulize ya kwanza. Pasipo nakala ya maandishi, kivinjari cha terminali kama w3m huigeuza HTML kuwa maandishi kwa `w3m -dump -T text/html`. Rangi na picha zitapotea. Binafsi sijaona barua ya kazi iliyoharibika kwa kupoteza rangi.

Sasa ndipo suala la ukurasa linapoingia, na hapa historia ya printa inajitokeza kwa namna inayochekesha kidogo. Amri ya zamani ya Unix, `pr`, hugawa maandishi katika kurasa zenye mistari 66. Kwa nini 66? Printa za zamani zilichapisha mistari 6 kwa kila inchi, na karatasi ya Marekani ina urefu wa inchi 11. Kati ya mistari hiyo, `pr` hutenga 5 juu na 5 chini, zikabaki 56 za maandishi, nayo ndiyo namba niliyoitumia katika hesabu ya picha. Karatasi ya A4 ina milimita 297, yaani takriban inchi 11.7, ambazo kwa kipimo kile kile zingebeba mistari 70. Anayetumia A4 bila kumweleza `pr` hivyo, kwa chaguo la `-l`, anaweza kukuta kichwa cha ukurasa wa pili kimechapishwa chini ya ukurasa wa kwanza, kisha kikazidi kupanda ukurasa baada ya ukurasa.

Upana nao una hesabu yake. Barua pepe inashauriwa isizidi herufi 78 kwa mstari, ingawa kikomo halisi ni 998. Fonti ya Courier ina herufi za upana mmoja: kwa ukubwa wa pointi 10 (pointi 72 ni inchi moja), kila herufi huchukua pointi 6, kwa hiyo herufi 80 huchukua pointi 480. Upana wa A4 ni pointi 595. Zinabaki 115, ambazo zikigawanywa pande mbili zinatoa nafasi ya takriban milimita 20 kila upande, yaani ukurasa unaopendeza. Ukipandisha ukubwa hadi pointi 12 ili wazee wasome vizuri, mstari wa herufi 78 unadai pointi 562, na pembeni hubaki milimita 6 hivi. Programu ikisisitiza kuacha nafasi kubwa zaidi, kila mstari mrefu utamwaga neno lake la mwisho kwenye mstari unaofuata, na aya nzima itatoka kama ngazi: mstari mrefu, neno moja, mstari mrefu, neno moja. Majibu yaliyonukuliwa huzidisha tatizo, kwa sababu kila anayejibu huongeza alama ya > na nafasi moja mwanzoni mwa mstari. Hiyo ndiyo sababu ya desturi ya zamani ya kuandika kwa herufi 72 tu, ili nukuu zipate pa kukua.

Kwa kupanga kurasa zenyewe, chaguo si chache. Programu ya a2ps huyageuza maandishi kuwa PostScript, lugha ya kuelezea kurasa iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, na ukiiacha ifanye ipendavyo hulaza karatasi na kuweka kurasa mbili kando kwa kando, kila moja ndani ya fremu yenye jina la faili juu. Ina mtindo maalumu wa barua pepe:

`a2ps -E mail -1 --medium=A4 -o barua.ps barua.txt`

Chaguo la `-1` huleta ukurasa mmoja uliosimama, na `-o` huandika faili badala ya kutuma kwa printa, ili `ps2pdf barua.ps` itoe PDF ya kukaguliwa kwanza. GNU Enscript hufanya kazi inayofanana. Udhaifu wa zote mbili ni kwamba zilizaliwa kabla ya UTF-8 kuenea, na ng'ombe wetu mwenye alama iliyopinda atavurugika tena hapa hata kama Mutt ilimfungua vizuri. Dawa ni kumpitisha katika `iconv -f UTF-8 -t ISO-8859-1//TRANSLIT`, ambayo kwenye Linux huibadilisha alama iliyopinda kuwa iliyonyooka, au kuachana nazo na kutumia paps, ambayo huchora herufi kwa maktaba ya programu iitwayo Pango na kuielewa UTF-8 bila kusaidiwa. Mimi hupendelea njia hii ya pili:

`set print_command="paps --paper=a4 --font='Monospace 10' | lpr"`

Hiyo alama ya mstari wima kati ya paps na lpr ndiyo inayoziunganisha: kinachotoka katika ya kwanza huingia katika ya pili. Muttprint, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, huenda mbali zaidi kwa kuukabidhi ujumbe kwa LaTeX, mfumo unaopanga vitabu vya hisabati, ukatoka na vijajuu vilivyokolezwa na hata mchoro mdogo kwenye kona. Inaweza pia kukata saini ya mwandishi, kwa kuwa saini kwa desturi hutanguliwa na mstari wenye vistari viwili na nafasi moja tu, alama ambayo programu huitambua kwa urahisi.

Kuna mambo mawili ambayo hata ukurasa uliopangwa vizuri huweza kukosea. La kwanza ni tarehe. Programu nyingi za kupanga kurasa huandika tarehe yao juu ya karatasi, nayo ni ya kuchapisha au ya faili, si ya barua. Karatasi huwa na tarehe mbili, na msomaji asiyejua huishika ile iliyokaa juu kwa sababu imeandikwa mahali pa heshima. Katika `pr`, chaguo la `-t` hukiondoa kichwa hicho chote. La pili ni kuchapisha barua kadhaa kwa pamoja: Mutt huziunganisha katika kazi moja na kuzitenga kwa alama ya kuanza ukurasa mpya, na mtindo wa barua wa Enscript hutarajia kupewa barua moja moja, hivyo anayeutumia awashe mpangilio wa Mutt wa `print_split` ili kila barua iitiwe amri yake.

Na ikiwa karatasi inachapishwa iwe ushahidi katika mgogoro, usafi wote huu uwekwe kando. Mistari ya `Received` tuliyoifukuza ndiyo inayoonyesha njia ya ujumbe, ikisomwa kutoka chini kwenda juu. Kwenye Mutt, kitufe cha h hurudisha vijajuu vyote kwenye skrini, lakini lililo salama zaidi ni kulihifadhi faili ghafi lenyewe bila kuguswa, kwa sababu saini ya DKIM huweza kuhakikiwa katika faili tu. Karatasi, hata iwe nadhifu namna gani, haihakikiwi.