Kocha wa udhibiti wa ubora ni nani?

Kwenye futiboli ya Kimarekani, kocha wa udhibiti wa ubora hukaa ngazi ya chini, pengine ya mwisho kabisa, katika benchi la ufundi. Cheo kinasikika kikubwa, lakini kazi yenyewe ni kujifungia na video. Mechi ikiwa Jumapili, yeye ameshatazama mechi kadhaa za mpinzani, huku akiandika: jaribio la ngapi, zimebaki yadi ngapi, wamejipanga vipi, mpira umeelekea wapi. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, kwa hiyo kumbukumbu hizo humwambia kocha mkuu mpinzani hupenda kufanya nini akibanwa, tuseme jaribio la tatu na bado yadi 8. Ni yeye pia anayechora kadi ambazo wachezaji wa akiba huzifuata mazoezini wakimwigiza mpinzani.

Huko ndiko alikoanzia ukocha DeMeco Ryans, na wala hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Kutoka Chuo Kikuu cha Alabama, timu ya Houston Texans ilimchukua raundi ya pili ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2006, na msimu huohuo akatangazwa mlinzi chipukizi bora wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Alicheza lainibeka, mlinzi wa safu ya pili anayewasoma washambuliaji na kuwapanga wenzake kabla mpira haujaanza. Mwaka 2010 alikatika kano ya kisigino. 2014, akiwa Philadelphia Eagles, yakamkuta tena. Msimu wa 2015 ndio ukawa wa mwisho.

San Francisco 49ers wakamwajiri 2017, kwenye udhibiti wa ubora upande wa ulinzi. Wapo watakaosema nyota wa aina yake alistahili kuanzia juu. Sikubaliani nao. Uwanjani aliijua kazi yake na ya waliomzunguka. Mbele ya video ilimbidi aelewe kazi za wote 11, tena za timu tofauti kila wiki. Mwaka uliofuata alipewa malainibeka, na 2021, Robert Saleh alipokwenda kuwa kocha mkuu wa New York Jets, akakabidhiwa ulinzi mzima. Msimu wa 2022 hakuna timu NFL iliyoruhusu pointi chache kuliko 49ers.

Januari 2023 Texans wakamrudisha nyumbani, safari hii kama kocha mkuu. Walikuwa wametoka kushinda mechi 3 tu msimu mzima. Chini yake wakashinda 10 na kuongoza kundi lao, na 2024 wakafanya vilevile.