Kondomu inazuia nini, na mpox inapitia wapi

Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa Bukavu ni hili: "Dokta, nikivaa kondomu, mpox haitanishika?" Kwa virusi vya ukimwi na kisonono, kondomu inayovaliwa vizuri kila mara ni kinga kubwa. Mpox, ugonjwa wa virusi unaotoa vipele, haizuiwi hivyo. Virusi vyake vimo ndani ya vipele, na vipele hutokea kinenani, mapajani, mdomoni, viganjani. Kondomu hufunika sehemu moja tu. Paja likigusana na paja, njia imeshapatikana.

Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, ndiko aina mpya ya mpox ilikojulikana mwaka 2023. Wagonjwa wengi wa mwanzo walikuwa watu wazima walioambukizana kwa ngono. Baadaye iliingia majumbani, ikashika watoto waliolala mkeka mmoja na mama mgonjwa au kujifuta kwa taulo lake. Kwa hiyo naumia sana mama anapomficha mtoto mwenye vipele akiogopa majirani watamwita malaya. Mtoto huyo aletwe kituoni mapema.

Kaswende, ugonjwa mwingine wa ngono, nayo ina hila yake. Donda la kwanza haliumi, na hupona lenyewe baada ya wiki chache. Mwanamume anashukuru Mungu, kumbe bakteria wanaendelea mwilini, na mke akiwa mjamzito wanaweza kumfikia mtoto tumboni. Ikigunduliwa mapema, sindano moja ya benzathini penisilini inatosha. Lakini wote wawili watibiwe, maana akitibiwa mmoja ataambukizwa tena na mwenzake.

Turudi kwenye mpox. Najua Kadutu, sehemu ya hapa Bukavu, familia nzima hulala chumba kimoja, na kumwambia mtu "jitenge" bila kumwonyesha namna ni kumwonea. Mgonjwa apewe godoro lake, hata kama ni kwenye kona. Vitenge na mashuka yake visichanganywe na vya wengine. Vifuliwe kwa sabuni na maji ya moto. Anayemhudumia anawe mikono kila akimgusa. Iwe hivyo mpaka magaga yote ya vipele yadondoke na ngozi mpya iote, kwa kawaida wiki 2 hadi 4. Ngono isiwepo kabisa muda huo. Mgonjwa akipona, hapo sasa kondomu ina kazi: aitumie wiki 12 zaidi, kwa sababu virusi vinaweza kubaki kwenye shahawa hata ngozi ikiwa safi.